Kuchagua Programu ya Bure ya Kupiga Simu kwa Intaneti: Mwongozo kwa Familia na Vyama Vyenye Vifaa Tofauti

Familia nyingi za Kisumu, Vihiga, Kakamega na Nakuru zimetawanyika. Wazazi wamebaki nyumbani Luanda, Vihiga, nchini Kenya, kifungua mimba anafanya kazi Dubai, binti anasomea Leeds, na kitinda mimba yuko Nakuru ambako amejinunulia tarakilishi ya mtumba. Hakuna kati yao anayetumia kifaa kama cha mwenzake: mama ana simu ya Android ya bei nafuu, binti ana iPhone, yule wa Nakuru ameweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kwenye tarakilishi yake, na ofisi ya yule wa Dubai inatumia Windows. Vyama vya akina mama na vikundi vya kuweka akiba navyo viko katika hali hiyohiyo kila mwanachama mmoja anapohamia mbali na bado anatakiwa kuhudhuria kikao.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuchagua programu itakayowaunganisha wote hao bila kumlazimisha yeyote kununua kifaa kipya. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aujue: uchaguzi unapaswa kuanzia kwa mtu mwenye kifaa dhaifu na mtandao hafifu kuliko wote katika kundi. Programu yenye sifa nyingi ambayo mama hawezi kuifungua haina faida kwa familia hiyo, hata ikisifiwa namna gani.

Tufafanue pia maana ya bure. Programu ni ya bure pale ambapo mwenye programu hatozi ada kwa dakika wala kwa mwezi, lakini bando la intaneti bado linalipiwa, na gharama hiyo huwaangukia watu wote wawili, anayepiga na anayepokea. Nyingi ya programu hizi pia huunganisha watu wenye programu ileile au kiungo kilekile tu. Haziwezi kumfikia mzee mwenye kabambe isiyo na intaneti. Huyo ataendelea kupigiwa simu ya kawaida, au ataketi na jirani mwenye simujanja wakati wa mazungumzo.

Hatua ya kwanza: Orodhesha watu na vifaa vyao

Kabla ya kupakua chochote, chukua daftari uandike majina ya watu unaotaka kuzungumza nao mara kwa mara. Mbele ya kila jina andika kifaa anachotumia, mfumo endeshi (yaani Android, iOS ya iPhone, Windows, macOS ya Apple au Linux) na toleo lake, nafasi iliyobaki kwenye hifadhi, na njia anayoitumia kupata intaneti, iwe ni bando la simu, waifai ya nyumbani au mtandao wa ofisini. Kwenye Android, toleo huonekana ndani ya mipangilio katika sehemu ya kuhusu simu. Kwenye iPhone limo katika mipangilio ya jumla. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika winver, kisha ubonyeze Enter. Anayetumia Linux aeleze pia ni Linux ipi, kwa mfano Ubuntu, Mint au Fedora, kwa sababu baadhi ya programu hutengenezewa aina fulani tu.

Toleo la mfumo si jambo la kupuuzwa. Mapema mwaka 2025 WhatsApp iliacha kuhudumia simu za Android 4, na katikati ya mwaka huohuo kiwango cha chini kwa iPhone kikawa iOS 15.1, hatua iliyoziacha nje simu kama iPhone 6 ambazo haziwezi kupandishwa kufikia toleo hilo. Upande wa tarakilishi, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ilhali tarakilishi nyingi za mtumba hazina vijenzi vinavyotakiwa na Windows 11. Baadhi ya wamiliki wameamua kuweka Linux badala ya kuitupa mashine ambayo bado ni nzima, na ni uamuzi wa busara. Kwa hivyo mtu wa Linux katika familia si jambo la ajabu tena, na orodha yako haina budi kumhesabu.

Nafasi ya hifadhi nayo iandikwe kwa makini. Simu ya gigabaiti 16 iliyojaa picha za harusi na video za mazishi zilizotumwa kwenye makundi hukataa kusasisha programu, na programu isiyosasishwa kwa muda mrefu mwishowe hukataa kuunganisha simu. Mara nyingi kufuta video hizo baada ya kuzihifadhi mahali pengine humaliza tatizo ambalo watu hudhani ni la mtandao.

Hatua ya pili: Tambua aina ya programu

Programu za bure za kupiga simu zimegawanyika katika aina tatu, na ukizielewa hutababaishwa na wingi wa majina.

Aina ya kwanza hukutambua kwa namba yako ya simu. WhatsApp, Signal na Telegram zimo humu. Uzuri wake ni kwamba hakuna anwani mpya ya kukariri: ukiwa na namba ya mtu kwenye kitabu cha majina, unamwona. Udhaifu wake ni kwamba akaunti yako imefungwa kwenye laini, na ukiipoteza laini unaweza kuipoteza akaunti.

Aina ya pili hutumia kiungo. Mtu mmoja huanzisha mkutano, hupata anwani ya mtandao, huituma kwa wenzake, nao huibonyeza wakaingia. Google Meet, Jitsi Meet, Zoom na Microsoft Teams hufanya kazi kwa njia hii. Google Meet na Jitsi hufunguka moja kwa moja ndani ya kivinjari kama Chrome kwenye tarakilishi, kwa sababu vivinjari vya kisasa vina uwezo wa kubeba sauti na picha kwa kanuni za WebRTC, ambazo zilipitishwa kuwa kiwango rasmi cha wavuti mwaka 2021. Hapo ndipo tofauti za mifumo endeshi zinapopungua nguvu: penye kivinjari kizuri, hakuna anayeuliza kama chini yake kuna Windows, macOS au Linux.

Aina ya tatu hutumia anwani ya SIP, kanuni ya simu za intaneti inayotumiwa na programu nyingi, na anwani hiyo hufanana kwa sura na barua pepe. Linphone ni mfano wake. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na ina matoleo ya Android, iOS, Windows, macOS na Linux. Faida yake kubwa ni kwamba mtu mwenye Linphone anaweza kumpigia mwenye programu nyingine ya SIP. Kwa familia ya kawaida, hata hivyo, maandalizi yake ni mengi mno, na ningeipendekeza kwa ofisi yenye mtu wa kuitunza.

Hatua ya tatu: Pitisha kila programu kwenye orodha yako

Sasa rudi kwenye daftari ulinganishe. WhatsApp ina programu za Android, iPhone, Windows na macOS, na simu za sauti na video zinapigika kwenye zote. Kwa Linux, haijatoa programu rasmi ya kusakinisha. Huko Linux utakutana na programu kadhaa zilizotengenezwa na watu wengine zinazojiita WhatsApp. Nyingi ni kivinjari kilichovishwa vazi jingine, na si busara kuzikabidhi mazungumzo ya familia. Ndugu wa Nakuru katika mfano wetu atatumia WhatsApp kwenye simu yake, lakini asiitegemee tarakilishi yake kwa ajili hiyo.

Signal imewatendea haki watu wa Linux. Ina programu rasmi ya tarakilishi kwa Windows, macOS na Linux za ukoo wa Debian, zikiwemo Ubuntu na Mint, na tangu mwaka 2020 programu hiyo imeweza kupiga simu za sauti na video. Sharti moja ni kwamba akaunti huanzishwa kwanza kwenye simujanja, kisha tarakilishi huunganishwa kwa kuchanganua msimbo wa QR. Signal inaendeshwa na shirika lisilo la faida na haina matangazo. Kikwazo chake huku kwetu ni kimoja tu, nacho ni kikubwa: watu wengi hawana. Utalazimika kuwasakinishia ndugu zako mmoja baada ya mwingine, na kazi hiyo huhitaji subira. Telegram nayo ina programu ya Linux na ilianza simu za sauti mwaka 2017. Kwa mifumo endeshi haina tatizo, ila nina neno juu yake katika hatua ya usiri.

Kwa upande wa viungo, Google Meet huruhusu simu ya watu wawili kuendelea kwa muda mrefu bila malipo, lakini mkutano wa watu watatu au zaidi hukatwa baada ya dakika 60. Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40, na ina programu ya Linux. Chama chenye ajenda ndefu kizingatie mipaka hiyo, kwa maana kukatwa katikati ya hesabu za mikopo huvuruga kikao, na wanachama wengine hawarudi tena baada ya kiungo kufungwa. Jitsi Meet ni programu huria na seva yake ya umma (tarakilishi kuu inayopitisha mikutano), meet.jit.si, haiwadai wageni akaunti. Tangu Agosti 2023, hata hivyo, anayefungua mkutano hutakiwa kuingia kwa akaunti ya Google, GitHub au Facebook. Mtu mmoja tu katika chama akiwa na akaunti, wengine wote huingia kwa kubonyeza kiungo na kuandika jina.

FaceTime ni ya vifaa vya Apple. Tangu mwaka 2021 mwenye iPhone anaweza kutuma kiungo kikafunguliwa kwenye kivinjari cha Android au Windows, lakini mwenye Android hawezi kuianzisha simu hiyo mwenyewe. Mpango unaomfanya mama wa Luanda asubiri kupigiwa siku zote haufai kuwa mpango mkuu wa familia.

Hatua ya nne: Chunguza sheria za nchi anakoishi mwenzako

Watu wengi huruka hatua hii, kisha hulaumu simu. Katika Falme za Kiarabu, simu za sauti na video za WhatsApp na FaceTime zimezuiwa kwa muda mrefu, ingawa ujumbe wa maandishi na sauti zilizorekodiwa hupita. Huko hutumika programu zenye kibali, kama BOTIM, na baadhi ya programu za mikutano kama Microsoft Teams na Zoom zimekuwa zikiruhusiwa. Kwa hivyo familia yenye mtu Dubai haina budi kumuuliza kwanza ni ipi inayopita kwenye mtandao anaoutumia, halafu kuijaribu kabla ya siku ya haja. Asishauriwe kutumia VPN, huduma inayoficha anwani ya mtandao ya mtumiaji, ili kukwepa zuio, kwani sheria ya uhalifu wa mtandaoni ya huko ya mwaka 2021 inaweka faini kubwa kwa anayeficha anwani yake ya mtandao ili kutenda kosa, na anayebeba hatari hiyo ni yeye peke yake.

Aliyeko China naye hapati WhatsApp, Signal wala huduma za Google kwa njia ya kawaida. Huko watu hutumia WeChat, na ndugu waliobaki nyumbani watahitaji kuiweka kwenye simu zao. Uingereza haina zuio la namna hiyo, kwa hivyo binti wa Leeds anaweza kufuata chochote mtakachokubaliana.

Hata hapa nchini, mtandao wa chuo, hospitali au ofisi unaweza kuwa umezibwa kwa namna inayoruhusu kurasa za wavuti huku ukikataa simu. Ukiona programu inaita bila kuunganisha ukiwa kazini, zima waifai ujaribu kwa bando la simu. Ikiunganisha papo hapo, basi kizuizi ni mtandao wa ofisi.

Hatua ya tano: Piga hesabu ya bando

Hesabu hii haina ugumu, na huondoa hofu nyingi. Programu nyingi za kisasa hubeba sauti kwa kanuni iitwayo Opus, iliyowekwa kuwa kiwango mwaka 2012, ambayo inaweza kushuka hadi kilobiti 6 kwa sekunde mtandao unapokuwa mbaya na kupanda sana unapokuwa mzuri. Tuchukue kilobiti 32 kwa sekunde, kiasi kinachotosha kwa sauti safi ya mazungumzo. Kila pakiti ya sauti hubeba pia anwani na maelezo yake, ambayo huongeza takriban kilobiti 16, hivyo upande mmoja ni kilobiti 48. Kwa kuwa sauti huenda na kurudi, jumla ni kilobiti 96 kwa sekunde, sawa na kilobaiti 12, kwa kuwa biti 8 ni baiti moja. Kwa dakika moja utatumia takriban kilobaiti 720, na kwa saa nzima takriban megabaiti 43.

Video ni habari nyingine. Kwa kilobiti 600 kila upande, ambacho ni kiasi cha wastani kwa picha safi ya watu wawili, dakika moja hula megabaiti 9 na saa nzima hula megabaiti 540. Katika mkutano wa watu wengi, kila sura unayoiona ni mkondo mwingine unaopakuliwa. Ndiyo maana nashauri kwamba kikao cha chama kiendeshwe kwa sauti pekee, na video iwashwe kwa dakika chache za mwanzo ili watu wasalimiane na katibu ahakiki waliohudhuria.

WhatsApp na Signal zina mpangilio wa kupunguza data wakati wa simu, na uwashe mpangilio huo kwenye simu ya yule mwenye bando dogo. WhatsApp pia huonyesha, katika mipangilio ya hifadhi na data, ni megabaiti ngapi zimetumiwa na simu. Futa hesabu ya zamani, piga simu ya dakika 10, kisha uangalie tena. Utapata kiasi halisi cha simu yako mwenyewe, na hicho ndicho cha kupangia bajeti. Anayenunua bando la mitandao ya kijamii asome masharti yake kwa makini, kwa sababu bando linaloruhusu ujumbe wa programu fulani halijumuishi lazima simu za programu hiyo, na kiungo cha Google Meet au Jitsi huhesabiwa kama intaneti ya kawaida.

Hatua ya sita: Pima usiri na ulinzi wa akaunti

Uliza swali moja: je, mwenye programu anaweza kusikiliza simu yetu? Kwa Signal na WhatsApp jibu ni hapana, kwa kuwa sauti husimbwa, yaani hugeuzwa isieleweke na mwingine, kwenye kifaa cha anayezungumza na kufumbuliwa kwenye kifaa cha anayesikiliza tu. WhatsApp ilikamilisha usimbaji huo mwaka 2016 kwa kutumia kanuni zilezile za Signal. WhatsApp, hata hivyo, bado inajua nani alimpigia nani na saa ngapi. Simu za watu wawili za Telegram husimbwa vivyo hivyo, lakini mazungumzo yake ya kawaida ya maandishi hayasimbwi kutoka mwanzo hadi mwisho isipokuwa ukiyafungua kama mazungumzo ya siri, jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui na ambalo linanifanya nisiitangulize. Google Meet, Zoom na Jitsi, katika mipangilio yao ya kawaida ya mikutano, husimba sauti kati yako na seva tu, si hadi kwenye kifaa cha unayezungumza naye. Kwa kikao cha chama inatosha, lakini kwa mashauri ya ugonjwa au ya kesi ya shamba ningetumia Signal.

Hatari iliyo karibu zaidi na sisi si ya makampuni bali ya matapeli. Mtu hupiga simu akijifanya mhudumu, au huandika kwa akaunti ya rafiki yako iliyotekwa, akakuomba umtumie tarakimu sita zilizoingia kwenye simu yako kwa bahati mbaya. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa akaunti yako. Zikimfikia, ataiandikisha namba yako kwenye simu yake na kuanza kuwaomba ndugu zako pesa za M-Pesa kwa jina lako. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye WhatsApp, na kwenye Signal weka PIN pamoja na kufuli la usajili, ili tarakimu za ujumbe pekee zisitoshe. Kaa na mama umweleze jambo hili kwa lugha anayoielewa vizuri, iwe Kiluhya au Kijaluo, mpaka aweze kukueleza wewe kwa maneno yake mwenyewe.

Hatua ya saba: Sakinisha kutoka mahali rasmi na utoe ruhusa zinazohitajika

Pakua programu kutoka Play Store, App Store, Microsoft Store au tovuti ya mwenyewe, kama whatsapp.com na signal.org. Usikubali kurushiwa faili ya programu na rafiki, na uepuke matoleo yaliyokarabatiwa kama GBWhatsApp. Hayatoki kwa mwenye WhatsApp, hayana mtu wa kuwajibika yakivujisha mazungumzo yako, na akaunti inayoyatumia inaweza kufungiwa.

Baada ya kusakinisha, programu itaomba ruhusa ya kutumia maikrofoni, kamera, majina na arifa. Maikrofoni na arifa ni za lazima. Kamera unaweza kuikataa kama hutatumia video. Kwenye tarakilishi, hakikisha kivinjari hakijazuia maikrofoni: alama yake huonekana karibu na anwani ya ukurasa mara tu mkutano unapofunguka.

Liko jambo moja linalostahili kushughulikiwa kwa utulivu, kwa sababu ndilo linalofanya watu waseme kwamba programu haiiti. Simu nyingi za Android huzima programu zilizoko nyuma ili kuokoa chaji. Programu ya simu ikizimwa hivyo, unapompigia mama, kwako utasikia ikiita lakini kwake skrini itabaki nyeusi, na baada ya saa mbili, atakapoifungua mwenyewe, ndipo atakapoona amepigiwa. Fungua mipangilio ya simu, nenda kwenye programu, chagua programu husika, ingia katika sehemu ya betri, na uiruhusu ifanye kazi nyuma bila kizuizi. Baadhi ya simu zina pia sehemu ya kuruhusu programu ijianzishe yenyewe simu inapowashwa. Iwashe hiyo pia. Kisha funga skrini, subiri robo saa, na upige. Ikiita huku skrini imefungwa, kazi imekamilika.

Hatua ya nane: Fanya jaribio la kweli

Jaribio lifanywe mahali na wakati ambapo simu zitapigwa, si katikati ya jiji la Kisumu penye mtandao wenye nguvu ilhali mama yuko bondeni. Chagua jioni, saa ambazo watu wengi wako mtandaoni, kwa kuwa kilichofanya kazi saa nne asubuhi kinaweza kushindwa saa mbili usiku.

Pima kuchelewa kwa sauti kwa kuhesabu kwa kupokezana: wewe useme moja, mwenzako mbili, wewe tatu, na kuendelea hadi ishirini, kila mmoja akidakia papo hapo. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano linapendekeza kuchelewa kusizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja ili mazungumzo yawe ya kawaida, na kuchelewa kukizidi 400 mazungumzo huwa ya taabu. Huhitaji chombo cha kupimia. Mkiweza kuhesabu bila kugongana, kuchelewa ni kudogo. Mkianza kudakiana na kurudia namba, jaribuni programu nyingine kwa mtandao uleule kabla ya kulaumu mtandao.

Jaribuni pia kelele. Mvua ya alasiri ya huku ikianza kupiga mabati, maikrofoni ya simu huchukua mlio huo wote, na programu inayojaribu kuuchuja inaweza kukata na sauti ya mzungumzaji. Vipokea sauti vya masikioni vyenye maikrofoni ya waya, hata vile vya bei ya chini vinavyouzwa barabarani, huleta kinywa karibu na maikrofoni na kusaidia kuliko mpangilio wowote wa programu. Vinaondoa pia mwangwi, ambao hutokea pale spika ya mtu mmoja inaporudisha sauti kwenye maikrofoni yake mwenyewe. Anayesikia mwangwi wa sauti yake ajue kwamba chanzo kiko upande wa pili.

Hatua ya tisa: Weka programu ya akiba

Skype ilianza mwaka 2003 na kwa miaka mingi ilikuwa ndiyo jina la simu za intaneti. Microsoft iliinunua mwaka 2011, na tarehe 5 Mei 2025 ikaifunga na kuwaelekeza watumiaji kwenye Teams. Waliokuwa wanaitegemea peke yake walilazimika kutafutana upya. Programu ya bure inaweza kufungwa, kubadilishwa masharti au kuzuiwa, na mtumiaji asiyelipa hana mkataba wa kumtetea.

Kwa familia ya mfano wetu, ningechagua hivi: WhatsApp iwe ya mazungumzo ya kila siku kati ya Luanda, Nakuru na Leeds, kwa sababu tayari kila mtu anayo, Signal iwekwe kwenye simu zote na kwenye tarakilishi ya Linux kwa ajili ya mambo ya siri, na kiungo cha mkutano kinachopita Dubai, baada ya kujaribiwa, kihifadhiwe kwa ajili ya vikao vya familia nzima. Kwa chama ambacho wanachama wake wote wako nchini, ningeanza na Jitsi au Google Meet, na kiungo kitumwe kwa ujumbe wa kawaida wa simu pia ili asiye na WhatsApp akipate.

Namba za simu za watu wote ziandikwe kwenye daftari lililoko nyumbani, kwa sababu majina yaliyomo ndani ya programu hupotea pamoja na simu. Karibu nazo ziandikwe namba za dharura 999 na 112, zikiwa na maelezo kwamba zinapigwa kwa simu ya kawaida. Programu hizi hazikuundwa kuziita. Na mtu anayesafiri kwenda kufanya kazi nje asiiache laini yake ya Kenya ilale. Laini isiyotumika kwa muda mrefu inaweza kuondolewa na kupewa mtu mwingine, naye akajikuta akipokea misimbo ya akaunti isiyo yake. Kama amekwisha kupata laini ya nchi anakokaa, afungue mipangilio ya akaunti na atumie sehemu ya kubadilisha namba kabla ya kuiacha ile ya zamani.